Ndege Ndogo Inapopoteza Mwelekeo Ikiwa Ardhini: Mambo Anayopaswa Kuyajua Abiria

Wilaya ya Gairo, iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Wilaya ya Kilosa, haina kiwanja kinachohudumiwa na ndege za ratiba. Mkazi wake anayekusudia kwenda Zanzibar, Pemba au Mafia kwa ndege hana budi kuanza kwa basi katika barabara kuu ya Morogoro na Dodoma: ama aelekee magharibi hadi Dodoma, ama ashuke mashariki hadi Dar es Salaam. Kwa msafiri wa namna hiyo, ambaye huenda anapanda ndege ndogo kwa mara ya kwanza, ni rahisi kuamini kwamba hatari ya usafiri wa anga huanza magurudumu yanapoiacha ardhi na kwisha yanapoigusa tena. Ndege inapotembea taratibu kutoka maegesho kuelekea njia ya kurukia, wengi huiona kama basi linalotoka stendi: mkanda haujafungwa, simu iko sikioni, na mfuko umepakatwa mapajani.

Dhana hiyo si sahihi. Ndege inaweza kumponyoka rubani ikiwa bado haijaruka hata mita moja, na abiria aliye ndani yake anaweza kuumia. Katika makala haya tunaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, rubani hufanya nini kulizuia, abiria ana wajibu gani, na haki zake ni zipi endapo litatokea.

Safari ya ndege huanza wapi?

Jibu la swali hili limo katika kanuni za kimataifa. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, kinaihesabu ajali ya ndege kuwa ni tukio linalotokea tangu mtu yeyote anapopanda ndege kwa nia ya kuruka hadi watu wote wa namna hiyo wanapokuwa wameshuka. Ndani ya kipindi hicho, mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, au ndege ikipata madhara makubwa ya kimuundo, hiyo ni ajali ya ndege, ijapokuwa magurudumu hayakuondoka chini.

Jeraha kubwa nalo limefafanuliwa. Mojawapo ya vigezo vyake ni kulazwa hospitalini kwa zaidi ya saa 48, iwapo kulazwa huko kumeanza ndani ya siku 7 tangu mtu alipoumia. Kingine ni kuvunjika mfupa, isipokuwa mipasuko midogo ya vidole au pua. Kwa upande mwingine, tairi kupasuka peke yake, au breki kuharibika bila madhara mengine, hakuhesabiwi kuwa ajali, bali ni tukio ambalo nalo hutolewa taarifa kwa utaratibu wake.

Kwamba ardhini kuna hatari si jambo la kufikirika. Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga, ile ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977 iliyochukua roho za watu 583, ilitokea juu ya njia ya kurukia, pale ndege moja iliyokuwa inaanza kuruka ilipoigonga nyingine iliyokuwa bado inatembea juu ya njia hiyohiyo. Chanzo chake hakikuwa kupoteza mwelekeo, lakini inatosha kuonyesha kwa nini sheria haikungoja ndege ipae ndipo ianze kumlinda abiria.

Kwa nini ndege ndogo huyumba

Msomaji wa Gairo hahitaji kufundishwa nguvu ya upepo. Anajua jinsi kisulisuli cha mchana wa kiangazi kinavyoweza kubeba bati ambalo fundi hakulipigilia misumari ya kutosha. Bawa la ndege ni kama bati lililoundwa makusudi ili liinuliwe na hewa. Halibagui kati ya hewa inayolipitia kwa sababu ndege inakimbia na hewa inayolipitia kwa sababu upepo umevuma. Upepo ukiwa mkali, bawa huanza kuinuka hata rubani akiwa hajaomba liinuke.

Nguvu hiyo haiongezeki hatua kwa hatua kama wengi wanavyodhani. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu yake juu ya bawa huwa mara nne. Ndiyo maana ndege iliyotembea salama asubuhi yenye utulivu inaweza kuwa na taabu katika kiwanja kilekile ifikapo alasiri.

Zingatia pia uzito. Cessna 208B Grand Caravan, mojawapo ya ndege ndogo zinazotumika sana nchini mwetu, haizidi takribani tani 4 inaporuka ikiwa imejaa. Basi kubwa lililojaa abiria huweza kuzidi tani 15. Ndege hiyo nyepesi husimama juu ya magurudumu matatu tu, huku mabawa yake yakitanda takribani mita 16 kutoka ncha moja hadi nyingine. Nyuma yake umesimama mkia mrefu wa wima. Upepo wa ubavuni unapoupiga mkia huo, huusukuma upande mmoja, na pua ya ndege hugeukia kule upepo unakotoka.

Upepo si sababu pekee. Injini nayo, inapoongezewa nguvu, hulifanya pangaboi litupe nyuma hewa inayozunguka kama kamba iliyosokotwa. Hewa hiyo huupiga mkia upande mmoja na kuivuta pua ya ndege kando. Breki za ndege ndogo hufanya kazi gurudumu moja moja: pedali ya kushoto hushika gurudumu la kushoto, ya kulia hushika la kulia. Breki moja ikifa, au tairi moja ikipasuka, au gurudumu moja likizama kwenye tope la masika ilhali jingine liko pakavu, ndege huzunguka kuelekea upande ulioshikwa. Aidha, katika viwanja vikubwa kama Julius Nyerere, hewa inayotupwa na injini za ndege kubwa inaweza kuipiga na kuiyumbisha ndege ndogo inayopita nyuma yake kwa karibu.

Zipo pia ndege nyepesi, hasa za doria na za kunyunyizia dawa mashambani, ambazo gurudumu lao la tatu liko mkiani badala ya puani. Katika hizo, sehemu kubwa ya uzito iko nyuma ya magurudumu makuu. Mtu anayevuta mkokoteni huona kwamba unamfuata. Akiusukuma mbele yake akiwa ameushika kwa nyuma, ukipinda kidogo tu hutaka kuzunguka wote. Ndege yenye gurudumu la mkiani ina tabia ya huo mkokoteni unaosukumwa. Ikipinda na rubani akachelewa, huzunguka ghafla palepale, na mara nyingi ncha ya bawa au mguu wa gurudumu huvunjika. Ndege nyingi za abiria za leo zina gurudumu la puani kwa sababu mpangilio huo husaidia kuinyoosha ndege yenyewe.

Tuliyoyaona Kikoboga

Mkoa wa Morogoro una mfano wa karibu. Tarehe 28 Novemba 2023, katika kiwanja cha Kikoboga kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ndege mbili aina ya Embraer 120, zenye nafasi ya abiria 30 kila moja, zilipatwa na masaibu siku hiyohiyo. Ya kwanza ilipata hitilafu wakati wa kutua. Ya pili, saa chache baadaye, ilitoka nje ya njia wakati wa kuruka na kugonga jengo. Hakuna aliyepoteza maisha katika matukio yote mawili.

Ndege hizo si ndogo kama Caravan, wala hazikuwa zikitembea tu kwenda maegesho. Hata hivyo tumezitaja kwa sababu zinathibitisha jambo tunalolisema: yote mawili yalitokea magurudumu yakiwa juu ya ardhi, na ya pili inaonyesha kwamba ndege ikishatoka kwenye njia yake haichagui kitakachokuwa mbele, kiwe shimo, mti au nyumba. Katika hali hiyo, kinachomtenganisha abiria na kiti cha mbele yake ni mkanda.

Kazi ya rubani

Rubani anafundishwa kutembeza ndege kabla hajafundishwa kuirusha. Kanuni ya kwanza ni mwendo: ndege ndogo ikiwa karibu na watu, majengo au ndege nyingine haipaswi kuzidi mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kanuni ya pili ni breki: huzijaribu mara tu ndege inapoanza kusogea, kabla hajazihitaji. Kanuni ya tatu ni upepo: hutazama mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti kiwanjani, ambao mdomo wake huelekea upepo unakotoka, na palipo na mnara wa kuongozea ndege hupewa taarifa ya upepo kwa redio.

Abiria aliyeketi karibu na rubani huweza kushangaa kumwona akizungusha usukani wakati ndege iko chini, ilhali haigeuki. Asidhani rubani amechanganyikiwa. Ardhini ndege huongozwa kwa pedali za miguuni. Usukani wa mkononi husogeza vipande vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa na mkiani. Upepo ukitoka mbele kwa pembeni, rubani huzungusha usukani kuelekea kule unakotoka, ili bawa la upande huo likandamizwe chini. Upepo ukitoka nyuma kwa pembeni, huuzungusha kinyume chake na kuusukuma mbele, ili hewa isipate upenyo wa kuinua mkia.

Ndege ikianza kumponyoka, rubani huondoa nguvu ya injini, hujitahidi kuinyoosha kwa pedali, hushika breki, na ikibidi huzima injini na kufunga mafuta. Hayo yote hufanyika ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana tunasisitiza asisemeshwe wala kuguswa wakati ndege inatembea.

Wajibu wako kabla ndege haijasogea

Abiria ana mchango mkubwa kuliko anavyodhani. Tunakushauri uzingatie haya:

Kwanza, sema ukweli kuhusu uzito wako na wa mizigo yako. Kampuni nyingi za ndege ndogo huruhusu kilo 15 kwa abiria, tena katika begi laini. Katika basi la Gairo, debe moja la maharage au kiroba cha viazi kikiongezwa chini ya kiti hakibadilishi kitu. Katika ndege ndogo kinabadilisha. Mizigo isiyojulikana ikirundikana nyuma, mkia huelemewa na gurudumu la puani hupungukiwa na uzito. Gurudumu lisilokandamiza ardhi vizuri haliwezi kuiongoza ndege. Mzigo uliofichwa mizanini unaweza kumnyang'anya rubani usukani.

Pili, funga mkanda kabla injini haijawashwa, uukaze nyongani na si tumboni, na kama upo wa begani uuvae. Usiufungue hadi injini izimwe na rubani au mhudumu aruhusu. Mtoto apakatwe au afungwe kama utakavyoelekezwa na wahudumu. Usiufunge mkanda wako mmoja ukawazunguka wewe na mtoto kwa pamoja, kwa kuwa uzito wako utambana.

Tatu, sikiliza maelezo ya usalama hata kama umeyasikia mara nyingi, kisha utazame milango iko wapi. Katika Caravan ya abiria, mlango wa kupandia uko nyuma upande wa kulia, mlango mkubwa wa mizigo uko nyuma upande wa kushoto, na mbele kuna milango miwili ya rubani. Hesabu viti vilivyopo kati yako na mlango ulio karibu.

Nne, ukiketishwa kiti cha mbele kando ya rubani, weka miguu yako mbali na pedali na mikono yako mbali na usukani. Pedali za upande wako zimeungana na zake. Kiatu kilichokanyaga pedali bila kukusudia kinaweza kuipindisha ndege. Begi, kamera na chupa ya maji visiwekwe sakafuni mbele yako.

Tano, ukiona jambo lisilo la kawaida kabla ya kuondoka, kwa mfano tairi iliyolegea au kimiminika kinachotiririka penye gurudumu, mwambie rubani au mfanyakazi wa kiwanja. Hakuna aibu katika kuuliza. Vilevile, rubani akitangaza kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya upepo au tope, usimshinikize. Kuchelewa kunaudhi, lakini uamuzi huo ni sehemu ya huduma uliyoilipia.

Ndege inapopoteza mwelekeo

Ukihisi ndege inayumba au inazunguka, baki kitini. Bana mkanda, inamisha kichwa na kukilinda kwa mikono, na miguu iwe imekanyaga sakafu. Usifungue mlango wala usisimame ndege ikiwa bado inasogea.

Ikishasimama, ngoja agizo la rubani. Pangaboi linalozunguka halionekani vizuri, na huua. Kwa hiyo, ikiwa huwezi kuthibitisha kuwa limesimama, toka kwa mlango wa nyuma na uelekee nyuma ya ndege; kamwe usipite mbele yake. Acha mizigo yote. Mtu mmoja anayevuta begi mlangoni huwazuia wote walio nyuma yake. Rubani akishindwa kutoa agizo, na kuna moshi au harufu kali ya mafuta, tokeni wenyewe kwa utulivu, mkianza na walio karibu na mlango.

Mkiwa nje, sogeeni mbali, mkielekea upande upepo unakotoka ili moshi usiwafuate. Msivute sigara. Hesabianeni. Msirudi ndani kuchukua chochote hadi mruhusiwe. Kiwanja kikiwa ndani ya hifadhi, msitawanyike porini. Kaeni pamoja na wafuateni askari wa hifadhi.

Haki zako baada ya tukio

Abiria wengi hupangusa vumbi, hushukuru Mungu, na kwenda zao. Kushukuru ni kwema, lakini usiondoke bila kufanya mambo manne.

La kwanza ni kupimwa na daktari siku hiyohiyo, hata kama unajisikia mzima. Maumivu ya shingo na mgongo huweza kujitokeza baadaye, na taarifa ya daktari ya siku ya tukio ndiyo itakayoonyesha chanzo chake.

La pili ni kutunza tiketi, kadi ya kupandia na stakabadhi za mizigo na za matibabu, na kuandika kwa maneno yako ulichokiona ukiwa bado unakikumbuka: ulikaa wapi, ndege ilipinda upande gani, ulisikia nini.

La tatu ni kutoa ushahidi utakapoombwa. Uchunguzi wa ajali za ndege haufanywi na sisi tunaotoa leseni, bali na chombo maalumu kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi. Lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Kwa hiyo usiogope kwamba maneno yako yatamfunga rubani. Wala usiyafiche kwa kumhurumia, kwa maana yanaweza kumwokoa abiria wa kesho.

La nne ni kudai kinachostahili. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, humwajibisha mchukuzi kwa kifo au jeraha la mwili la abiria endapo ajali imetokea ndani ya ndege au wakati wa kupanda na kushuka. Mkataba hauulizi kama ndege ilikuwa angani. Safari ya ndani iliyo sehemu ya tiketi moja ya kwenda nje, kwa mfano Dodoma hadi Nairobi kupitia Dar es Salaam, huhesabiwa kuwa ya kimataifa yote. Madai ya mzigo ulioharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na shauri la fidia lifunguliwe mahakamani kabla ya kupita miaka 2. Kwa safari za ndani pekee, soma masharti ya tiketi yako, na uitake kampuni ikueleze kwa maandishi namna itakavyokuhudumia.

Anza kwa kuiandikia kampuni, ukibaki na nakala. Usitie saini karatasi yoyote inayosema kwamba umeridhika au hutadai tena, kabla hujaisoma na kuielewa, na kabla daktari hajamaliza kukuchunguza. Usiporidhika na majibu, wasilisha lalamiko lako kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, au uombe msaada wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoundwa ili kuwasemea abiria. Huhitaji wakili ili kulalamika, na lugha ya Kiswahili inatosha.

Tunarudia lililo kuu kwa msafiri anayejiandaa kushuka kutoka Gairo kwenda kupanda ndege. Safari yako ya anga, kwa usalama na kwa sheria, huanza unapoingia ndani ya ndege. Mkanda ufungwe tangu hapo, mzigo uwe umepimwa kwa haki kabla ya hapo, na haki zako nazo zihesabiwe kuanzia hapo.